Bi Mkubwa Ananifundisha Kupika Kuku, na Sababu Yake Inanimaliza

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Admin, jina langu liweke mbali kabisa, maana humu mawifi zangu wamejaa tele. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa hapa Muscat mke wa pili. Mume wangu ni Mwomani mwenye asili ya Unguja, ana ghala lake kule Rusayl. Bi mkubwa anakaa Al Khuwair na wanawe wawili, mie niko Mawaleh, mtoto sijajaaliwa. Najua wengine mshaanza kunitukana kwa kusoma tu hilo neno mke wa pili. Tukaneni, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Tangu niolewe, adui yangu amekuwa kuku. Msicheke. Siku za zamu yangu nilikuwa nahangaika jikoni tangu asubuhi, biriani, pilau, kuku wa kupaka, iliki na zafarani mpaka jirani anakohoa. Mume anaonja vijiko viwili, anasema, "Mashallah, Mungu akubarikie mikono yako," halafu huyo, anajinyoosha. Kumbe kwenye gari ana chupa ya mchuzi wa kuku wa bi mkubwa, keshakula huko huko ghalani! Mchuzi mwepesi tu, viazi na wali mweupe. Nililia. Nilisema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, na wallahi nilimwomba Mungu anipe mume wangu peke yangu.

Baada ya Ramadhani bi mkubwa akanipigia simu. Hatukuwa na mazoea hayo, salamu zetu zilikuwa za harusini na matangani. "Mdogo wangu, kesho njoo kwangu baba watoto akishatoka. Usimwambie." Nikaenda nimejifunga kibwebwe, najua ni vita. Nikamkuta jikoni na kuku mbichi kwenye sinia. Akanipa kisu.

"Wewe unatia vitu vingi kama unapikia harusi," akaniambia. "Yule mwanamume tumbo lake halitaki makuu. Kitunguu kikaange taratibu, kuku mtie chumvi mfunike, atoe maji yake mwenyewe. Ndimu mwisho kabisa, sufuria ishatoka motoni."

Nilidhani ananikejeli. Nikamuuliza, "Dada, mbona unanipa siri ya nyumba yako? Mie si mke mwenzio?" Akavuta kiti, akakaa, akafungua vifungo vya dera akanionyesha kifua. Jamani. Nilichokiona kwenye ziwa lake sikielezi hapa.

"Nnaumwa," akasema. "Daktari anataka kunipasua, anasema bado kuna nafasi. Mie sitaki. Mama yangu alipasuliwa hivi hivi, hakuamka. Nnataka wanangu wakija kwako wapate chakula wanachokijua." Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mume wala mtu yeyote. "Ukisema, nitakudai mbele ya Mungu." Nikaapa. Nilikuwa nalia, ningeapa lolote.

Basi nikawa naenda kwa siri, watoto wako shule. Supu ya kuku ya asubuhi, kuku wa nazi, kuku wa kukaanga wanayempenda wanawe. Yeye amekaa, mie nimesimama motoni. Tukawa tunacheka, ananitania eti Wamombasa tunajua mahamri tu. Nimempenda, sijui niseme vipi nieleweke.

Tatizo, mume kaanza kula kwangu. Analamba vidole! Kule kwa mwenzangu jiko limelala, hawezi tena kusimama, watoto wanaletewa chakula cha hoteli. Mume akimsogelea, anamwambia amechoka. Basi mume anadhani ni jeuri. Juzi akaniambia, "Kule siku hizi jiko baridi na uso umekunjwa. Zamu zake nitakuja hapa mpaka atie akili." Moyo ulinikatika. Dua yangu ndiyo hiyo imejibiwa, na mie siitaki! Nikamsihi aende, akashangaa, "Mwanamke gani wewe, unamfukuza mumeo?"

Nilimwomba bi mkubwa anifungue kiapo. Akageukia ukutani. Amekonda, pete zinamchopoka vidoleni.

Sasa oneni nilivyobanwa. Nikisema, nimevunja amana, na mawifi watasema namtangazia mwenzangu ugonjwa nipate kumtoa. Nikinyamaza akafa, nani ataniamini? Miezi yote hii nimeingia jikoni kwake mume hayupo, mke mwenza nimeshika mwiko wa chakula anachokula. Watasema nimemlisha sumu, na mie kwenye nafasi yao ningesema hivyo hivyo. Lakini hata wasiponisema, mimi nitajua kwamba daktari alikuwa na la kufanya, nikafunga mdomo nikapika.

Leo ni zamu yake. Mume yuko hapa sebuleni, kavua kofia kajilaza, ananiita, "Kuku hajaiva tu?" Bi mkubwa kanitumia ujumbe wa sauti sasa hivi, sauti yenyewe imekwisha, ananiuliza kama baba watoto keshakula. Hakuuliza yuko wapi. Nimejifungia bafuni nawaandikia. Ndugu zangu, kiapo au roho ya mtu? Nishaurini, nifanye nini?