Kopo la Mama Kopo

Mtaa mzima ulimwita Mama Kopo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, limekwaruzwa ndani kwa msumari mistari minne, mmoja kwa kila wiki, na sukari haikuthubutu kushuka chini ya mstari kabla ya wiki yake. Kijiko kilikuwa kimoja kwa kikombe, tena kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Mgeni aliyeomba cha pili aliulizwa kwa upole kama meno yake ni mazima. Kilo mbili zilimaliza mwezi na kubakiza. Majirani walipomwuliza siri, alilipapasa kopo kama mtoto aliyeshiba na kusema, "Haba na haba hujaza kibaba."

Mumewe, fundi viatu, aliyasikiliza hayo huku amebana misumari mdomoni, kwa hiyo hakuna aliyetarajia aseme neno.

Basi mwana wao akaoa, akamleta mkewe chumba cha uani. Mama Kopo alimpenda yule binti, na kwa kuwa alimpenda alimtafutia kopo lake, akalikwaruza mistari ile ile, akalijaza kilo mbili zile zile. Wao wawili, hawa wawili. "Fanya ninavyofanya mimi, mwanangu. Utaona."

Binti alifanya. Mwezi wa kwanza sukari ilikatika siku ya ishirini na mbili. Wa pili alipunguza kijiko, ikafika ishirini na nne. Mama mkwe hakugomba hata kidogo. Alisema tu, "Utazoea," na hilo liliuma kuliko kugombezwa.

Asubuhi moja fundi alirudi nyumbani kuchukua gundi aliyoisahau, akamkuta mkwewe amechuchumaa uani mbele ya kopo tupu, machozi yanamtiririka.

"Baba, mkono wangu hauna baraka," alisema. "Siku hizi nakunywa chai bila sukari, na bado haifiki. Tafadhali usimwambie mama."

Maneno hayo yalimkata maini. Miaka sita nyuma kibanda chake kilivunjwa, akakaa mwaka mzima bila kazi, na mwaka huo mkewe alitangaza kwamba ameikinai sukari. Alimwamini, mjinga yeye, mpaka siku alipomkuta jikoni akilamba kijiko alichokorogea chai ya mumewe. Alipopata kibanda kingine alianza kununua robo ya sukari kila Ijumaa. Aliificha ndani ya buti la mteja asiyerudi, na mkewe akitoka kuanika nguo, yeye aliimimina koponi. Kumwambia hakutaka. Alimpenda mno akijisifu.

Sasa wema wake ulikuwa unamliza mtoto wa watu. Akisema, atamvunja mkewe. Akinyamaza, yule binti atajiona mbadhirifu maisha yake yote. Gundi aliisahau tena.

Jioni, chai ilipomiminwa, alisema, "Mke wangu, kopo lako lina mwizi."

"Mwizi gani?"

"Anayetia badala ya kuchukua." Akaeleza yote, hadi buti na machozi ya binti.

Mama Kopo alilivuta kopo, akaipapasa mistari yake mmoja mmoja. Aibu ilimjaa usoni, na fundi akatamani misumari yake.

"Na mkaa?" mkewe aliuliza mwishowe.

"Na mkaa, kidogo."

"Na sabuni?"

"Sabuni ni wewe mwenyewe. Naapa."

"Kwa hiyo miaka yote hii nawafundisha watu uongo."

"Mwaka ule hakuna aliyetia," alisema fundi. "Ulitufikisha peke yako, kwa kukinyima kinywa chako. Mimi nakurudishia tu, na bado sijamaliza."

Alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akalibeba kopo hadi uani. Fundi alimsikia akimimina, kisha akisema, "Mkono wako una baraka zote, mwanangu. Kilo mbili hazitoshi watu wawili. Mimi nilikuwa natiliwa."

Aliporudi alijikorogea vijiko viwili bila kugusa kisu, akanywa polepole.

"Ijumaa lete robo kama kawaida," alisema. "Uifiche kwenye buti, nisiione. Na huyo mwanao kamfundishe wizi, mkewe asinywe tena chai chungu."