Kidole cha A-Jui

Kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, mjini Tainan, hakuna asiyemjua Kuo Pao-lien, na wengi wameshaonja ukali wake. Anapika uji wa wali na samaki tangu alipoolewa, na mteja akithubutu kuumwagia pilipili kabla hajauonja, ananyang'anywa bakuli. Mumewe alikufa mapema. Mwanawe ni baharia wa meli za mizigo, anaonekana nyumbani kwa nadra. Wanaoishi naye ni mkwewe Pei-shan, muuzaji wa duka la dawa, na mjukuu wake A-Jui. Kichochoro kizima kinamwita Ama, yaani bibi, wakiwemo wanaomzidi umri.

Mwanamke huyu asiyeogopa mtu alikuwa akimwogopa mtoto wa miaka minne.

Madaktari walikuwa wameshasema kwamba A-Jui ana usonji, na neno hilo Ama alilipokea bila kelele. Kilichomuuma ni ile habari ya mkono. A-Jui akitaka pera, hakuomba, hakulia, hakumtazama mtu. Alimshika Ama kifundo cha mkono, akauvuta mpaka kwenye kapu la mapera, akauachia hapo. Akishapata pera lake alikwenda zake. Ama alijiona kama upawa, kitu cha kuchotea tu.

Siku Mwalimu Hung wa kituo cha watoto alipowapa programu ya kuweka kwenye tableti, Ama alimjia juu.

"Mtoto hatazami watu, halafu wewe unampa kioo akitazame? Mwalimu, leo umekula kweli?"

"Nimekula, Ama. Uji wako, asubuhi," Mwalimu Hung alijibu. Alikuwa kijana mpole, lakini hatishiki kirahisi. "Nisikilize kwanza. Kuchukua anachotaka A-Jui anajua, anakutumia mkono wako. Asichojua ni kuonyesha tu. Akiona ndege, asitake kupewa huyo ndege. Akugeukie wewe, akuulize kwa macho, 'Ama, na wewe umemwona?' Hicho ndicho tunachokitafuta. Programu itamfungulia mlango, ila kuingia ataingia na nyinyi."

Maneno yale yalimwingia Ama na hayakutoka tena. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: A-Jui aone kitu, kisha amgeukie yeye.

Basi kila mchana, sufuria zikishasuguliwa, bibi na mjukuu waliketi sakafuni na ile tableti. Ndani yake alikaa mbweha mwenye macho makubwa. Mbele yake paliwekwa vitu vitatu, tuseme chungwa, mwavuli na baiskeli, naye akageuza macho kukitazama kimoja. Mtoto alitakiwa afuate macho ya mbweha na kukigusa kitu hicho. Akipatia, mbweha anacheza. Akikosea, mbweha anatulia na kutazama tena, bila kumzomea mtu. Baada ya hapo mchezo unasimama kabisa, mpaka mtu aliyekaa na mtoto abonyeze kwa kidole gumba chake. Sharti la Mwalimu Hung lilikuwa moja: Ama asibonyeze mpaka A-Jui amwinulie uso.

Hapo ndipo vita vilipoanza. A-Jui aliuvuta mkono wa Ama kama kawaida yake. Ama akaukaza. Mtoto akapiga mayowe mpaka jirani yao A-Khim, muuza tofu, ile jibini ya soya, akaja mbio na aproni yake.

"Pao-lien! Unamchinja mtoto?"

"Namsomesha! Rudi kwenye tofu lako!"

A-Khim alipoondoka, Ama alijifuta machozi kwa pindo la blauzi na kuukaza mkono tena. Moyo ulimuuma vibaya sana, lakini hakulegeza.

Na siku moja A-Jui aliuinua uso. Aliuinua upesi upesi, kama mtu anayetupia saa jicho, kisha akainama. Ama alibonyeza kwa nguvu nusura akipasue kioo. Kesho yake mtoto aliinua tena, akakawia kidogo. Mvua za miezi ya joto zilipokatika alikuwa bingwa. Macho ya mbweha yalimkaa kichwani kuliko yalivyomkaa Ama, ambaye mbweha akitazama baiskeli, yeye anagusa mwavuli.

"Mama, mwombe A-Jui akufundishe," Pei-shan alimtania.

"Huyu mbweha ana makengeza," Ama alisema.

Ila nje ya kioo hakuna kilichobadilika. Mbweha alitazamwa, Ama akabaki upawa. Mwalimu Hung alimwambia awe yeye mbweha: atoe macho, ageuze shingo, akitazame kitu hasa. Ama hakuona haya. Alipita sokoni amekodoa macho, akiisokota shingo kuelekea mabiringanya, kuelekea bata, kuelekea pikipiki, A-Jui akiwa ameshikwa mkono na hana habari. Watu walianza kunong'ona kwamba Ama kapatwa na kiharusi, na A-Khim alimletea dawa ya kuchua.

Ikafika sikukuu ya kuutazama mwezi mpevu. Kila nyumba ilitoa jiko la mkaa nje, kichochoro kikajaa moshi wa soseji na nyama. Pei-shan alimenya balungi, akamvika A-Jui ganda lake kichwani kama kofia, na ajabu ni kwamba mtoto hakulivua. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya Ama, ametulia, wakati mwezi ulipochomoza juu ya paa la jirani, mpana na wa manjano.

A-Jui akasimama. Akanyoosha mkono, na mwisho wa mkono ule kikasimama kidole kimoja, kimeelekea mwezini. Kisha akageuza shingo, akamtazama Ama machoni.

Mkono wa Ama ulitangulia akili. Ulikipiga kile kidole kikashuka.

"Usimnyooshee kidole Bibi Mwezi! Atakuja akukate sikio!"

Ndivyo mama yake alivyomwambia yeye, na ndivyo kila mtu wa kichochoro kile alivyoambiwa utotoni. Ndiyo maana kwa kitambo kidogo hakuna aliyeona kosa. Kisha Pei-shan akaangusha koleo la nyama.

"Mama! Ameonyesha! Alikuwa anakuonyesha wewe!"

A-Jui alikuwa amekwisha kuketi. Mkono wake ameukalia, macho yako chini, na kofia ya balungi imemwangukia usoni. Ama alimtazama. Kitu alichokililia miezi yote kilikuwa kimekuja chenyewe mpaka kwenye kigoda, naye akakipiga kofi.

"Mimi ni mpumbavu," alisema. "Mpumbavu mzee!"

Alipiga magoti pale pale kwenye lami, akaunganisha viganja na kuinua uso juu.

"Bibi Mwezi, wewe ni mama wa watu, utanielewa. Mtoto hana kosa. Ukitaka sikio, njoo uchukue la kwangu."

Kisha Kuo Pao-lien, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo hilo, alinyoosha mkono na kumwelekezea mwezi kidole.

"Pao-lien, wee!" A-Khim alipiga kelele. "Sikio!"

"Achukue! Si ninayo mawili?"

Hakuushusha mkono. Aliyatoa macho vile vile kama mbweha, akautazama mwezi, akamtazama mtoto, akautazama tena mwezi. Bega lilianza kutetemeka. Soseji ziliungua na hakuna aliyezigeuza. A-Jui aliona kwanza viatu vya Ama, kisha goti lake, kisha ule mkono. Macho yakaupanda mkono mpaka ncha ya kidole, yakaruka hapo, yakafika mwezini.

Taratibu aliutoa mkono wake alipoukalia. Kidole kikapanda na kusimama kando ya kile cha bibi yake. Kisha akageuka na kumtazama usoni, akasubiri. Safari hii hakuwa na haraka.

"Nimeuona," Ama alisema. "Nimeuona, mjukuu wangu. Nimeuona!"

A-Jui alicheka. Pei-shan alimkumbatia mama mkwe wake hapo hapo barabarani wakalia wote wawili kwa furaha, na A-Khim, baada ya kuyafunika masikio yake kwa kitambaa, akanyoosha kidole naye. Wengine wakafuata, watu wazima na wajukuu zao, mpaka kichochoro kizima kikawa kinauonyesha mwezi na kupiga vigelegele.

Asubuhi A-Khim alikuja kukagua masikio ya Ama na kukuta yote yapo.

Siku hizi kidole cha A-Jui hakina breki. Kinaonyesha paka, kinaonyesha feni, kinaonyesha kipara cha mteja aliyeinamia bakuli lake, na macho yanamgeukia Ama papo hapo kuuliza kama ameona. Ama anaacha upawa wake sufuriani. Anaangalia kwanza. Halafu ndipo anamwomba mteja radhi.