Kupigwa Taadhima

Karani wa kiwanda cha sabuni alikuwa mtu wa maneno yaliyopigwa pasi. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, alisimama kwenye mlango wa stoo akawasomea wafanyakazi matangazo ya meneja, na hata tangazo la choo kuziba alilimaliza kwa "heshima na taadhima". Hakuwa anajikweza. Marehemu mama yake, aliyemlea kwa kufua nguo za watu, alimfundisha kwamba asiye na cha kutoa hutoa heshima.

Fundi wa mitambo, waliyemwita Domo kwa kuwa lake halikujua kufungwa, ndiye aliyeanza. Siku moja alipanda juu ya pipa tupu, akabana pua, akamwiga karani neno kwa neno. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Haukupita mwezi, mtu akikejeliwa hadharani pale kiwandani ilisemwa "amepigwa taadhima". Karani alicheka nao kicheko cha meno tu, akidhani jambo litapoa lenyewe. Wapi. Wafanyakazi walitoka nalo getini, likafika sokoni, saluni, mpaka shuleni, na huko hakuna aliyejua lilianzia kwa nani.

Alasiri moja binti yake wa darasa la tano alirudi analia. Wenzake walikuwa wamempiga taadhima kwa sababu ya viatu vyake vilivyoshonwashonwa. Akauliza neno hilo limetoka wapi, maana kwenye kamusi ya shule taadhima ni heshima kubwa. Mama yake aliinamia sufuria. Karani akajibu kwamba hajui.

Mwaka huohuo Domo alifukuzwa kazi kwa kumtukana msimamizi. Alikwenda nyumbani kwa karani, mpole kama maji ya mtungi, kuomba aandikiwe barua ya rufaa. Binti alikuwa hapo mezani na madaftari yake.

"Nitakuandikia," karani alimwambia. "Ila kwanza mweleze mwanangu nani alikuwa wa kwanza kupigwa taadhima."

Domo alitazama sakafu. "Ulikuwa utani tu, kaka."

"Mweleze yeye, si mimi."

Hakueleza. Lakini mtoto hakuwa mjinga. Alimtazama fundi, akamtazama baba yake, akakusanya madaftari akaingia chumbani.

Karani aliiandika barua ile vizuri kuliko zote alizowahi kuandika, na Domo akarudishwa kazini. Shukrani ya punda ni mateke: wiki ya pili tu alikuwa anawachekesha wenzake kwa kuisoma barua yenyewe, pua kaibana.

Hayo karani alikwisha kuyazoea. Lililomkaa rohoni ni la nyumbani. Tangu siku ile binti yake akifanyiwa dhihaka shuleni husema "wamenicheka" tu, kwa sauti ya chini, bila kumtazama usoni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameanza kumhurumia baba yake.