Ukuta wa Sahani Pale Kivukoni

Fundi alikuja kutoka pwani na makapu mawili ya sahani zilizofungwa kwa nyasi kavu. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, na serikali ilikuwa imejenga banda dogo la matofali ukingoni mwa Mto Kilombero, upande wetu wa Ulanga, ili watu wanaongoja pantoni ya kwenda Ifakara wasilowe. Fundi yule aliitwa kulipamba.

Alipiga lipu, na kabla haijakauka akabandika sahani za Kichina, za buluu na nyeupe, nyingine nzima, nyingine vipande. Kisha akachukua rangi ya buluu, akayaiga mawingu yaliyojikunja na mawimbi yaliyokuwa ndani ya sahani, akayaeneza ukuta mzima. Lakini mahali pa maua ya Kichina aliweka vitu vya kwao: mikoko yenye mizizi mirefu, kaa, pweza, ndege wa baharini. Nilikuwa katekista kijana, nami nilisimama mbele ya ukuta ule nikamshukuru Mungu kwa mikono ya mtu yule.

Wenzangu waliona kitu kingine. Kwetu mtu akizikwa, sahani yake na kikombe chake huvunjwa na kuachwa juu ya kaburi. Hatukuwa na mahali pengine popote ambapo vipande vya sahani hukaa hadharani.

"Fundi," mvuvi mmoja alimwita, "kaburi tumeliona. Maiti yuko wapi?"

"Bado hajafika," fundi akajibu bila kugeuka. "Wewe unataka nafasi?"

Watu walicheka. Baadaye akaeleza, kwa nia njema kabisa, kwamba kwao sahani kama hizo huwekwa msikitini, milangoni, na makaburini pia. Kicheko kikaisha. Alipoondoka, hakuna aliyeingia bandani. Walingoja pantoni chini ya miti, karibu na maji, mahali ambapo mamba walikuwa wakiota jua. Nilitaka kusema neno juu ya ukuta ule Jumapili moja baada ya sala, nikaahirisha. Nikaahirisha tena.

Masika yalipoanza, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amezaliwa mfu, na masista wa hospitali ya Ifakara walikuwa wamemwagiza aje mapema kungojea kwao. Tulitoka alfajiri. Mkwe wangu, mama yake, alitufuata hatua ishirini nyuma, kwa sababu kwetu mwanamume hamkaribii mama wa mkewe wala hakai naye chini ya paa moja. Neno lake kwangu lilipitia kwa binti yake.

Tulipofika mtoni, mvua ilikuwa kubwa na pantoni ilikuwa ng'ambo. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo na yalipita na miti mizima. Nikaelekea bandani.

"Mwambie mumeo," mkwe akasema, "mtoto ambaye hajazaliwa hakalishwi kaburini."

Tukakaa chini ya mti. Haikupita muda mrefu mke wangu akashika tumbo, akainama, na nikaona damu kwenye khanga yake. Hapo sikuuliza mtu. Nilimbeba nikamwingiza bandani, nikakaa sakafuni, akaniegemea kifuani. Kaa wale wa buluu walikuwa juu ya kichwa chake.

Mkwe alikuja mbio hadi mlangoni. Aliweka mguu mmoja juu ya kizingiti, na uso wake haukuwa na hofu yoyote ya ukuta ule. Kisha akaniona mimi. Akautoa mguu, akageuza mgongo, akasimama kwenye mvua.

"Mama analowa," mke wangu akasema.

"Nikitoka, nani atakushika?"

"Yeye."

Sikutoka. Nilijiambia kwamba nikimwachia ataanguka, kwamba pantoni imekaribia. Haikuwa imekaribia. Tuliona wavuta kamba wa pantoni wakihangaika na mkondo, wakirudi nyuma, wakianza tena. Mama yule alisimama hapo muda wote, maji yakimtiririka, akimwita binti yake kila mara kwa jina la utotoni ili asilale.

Tulivuka. Masista walimlaza mke wangu, na siku ya tatu binti yetu alizaliwa, mdogo, akilia. Yu hai hadi leo, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mkwe wangu alimshika mara moja tu. Kifua kilikuwa kimeshambana tangu mvua ile, na kabla mwezi haujaisha tulimzika.

Kijijini walisema ukuta umempata mtu wake. Walisema hivyo mbele yangu, kwa upole, wakinipa pole. Mimi niliyefundishwa imani, niliyekuwa nimeuona mguu wake juu ya kizingiti, nilijua kwamba ukuta haukumzuia kuingia. Nilinyamaza. Maneno yao yalikuwa mepesi kwangu kuliko yale ambayo ningelazimika kusema. Mke wangu pia hakusema lolote, wakati ule wala baadaye.

Baada ya mavuno wazee walikuja nyumbani na nyundo na majembe. Waliniomba niende nao kivukoni, niongoze sala kabla hawajaubomoa. Nikachukua rozari yangu, nikaenda, nikaongoza.