Kipande Kilichokuja na Wenzake

Mjukuu wangu anaandika programu za simu. Nawaambia watu hata wasiponiuliza. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini damu yangu ndiyo inayoandika.

Siku hiyo alikuwa kwangu hapa Ifakara, laptopu mezani, jasho puani. Kikundi chetu cha wakulima wa mpunga kilikuwa kinakuja mchana kuona programu yake ya kupanga zamu kwenye mashine ya kukoboa. Ikishindwa, kazi inakwenda kwa kijana mmoja wa Dar. Nayo ilikuwa imegoma. Kila akiijenga inamtemea maandishi mekundu.

Akanieleza kwamba programu haiandiki mtu mmoja. Unachukua vipande vya wengine, na kila kipande kinakuja na vipande kinavyovitegemea. Sasa kuna kimoja kizee kimeingia, wala yeye hakukiita.

"Kifute," nikasema.

"Bibi, nikikifuta, kilichokileta nacho kinasusa."

Hapo nikaelewa. Harusi zetu ndivyo zilivyo. Unamwalika shangazi kutoka Mkula, anakuja na jirani, jirani anakuja na shemeji, na shemeji ndiye anayelewa na kuwatukana wakwe. Ukimtoa kwa nguvu, shangazi anabeba kanga zake anaondoka. Kwa hiyo mlevi hatumgusi. Tunaulizana chinichini kaja na nani, tunaongea na huyo.

"Basi uliza kaja na nani."

"Ndicho ninachofanya, mke mwenzangu. Tulia."

Akafungua kidirisha cheusi kisicho na picha hata moja, akaandika amri ya mstari mmoja. Yakamwagika majina, kila jina chini ya lililolileta, kama ukoo uliopangwa kwa watoto na wajukuu. Akapandisha kidole toka chini: hiki kaletwa na hiki, hiki kaletwa na hiki, mpaka kwenye kipande cha kuchora kalenda, alichokialika mwenyewe. Akacheka peke yake. Kumbe kalenda hiyo ilikuwa na toleo jipya lisilotembea na yule mzee. Akabadilisha toleo, akajenga tena. Safari hii ikakubali.

Wenzangu wakaja. Mwenyekiti, mwanamke mkali kunishinda, akabonyeza simu, akaiona zamu yake, akatazama aliyemtangulia.

"Dada, naona mjukuu kakuweka wa kwanza."

Nikamwambia programu ndiyo iliyopanga. Mjukuu wangu akaangalia dari. Wakacheka mpaka chai ikapoa, na kazi wakampa.