Mlangilangi wa Bibi, Deira

Juzi mume wangu kaninunulia mche wa asumini, akautia maji ya bomba palepale, mwezi wa saba, saa nane mchana. Nilipiga ukelele mpaka jirani akachungulia! Mgeni huyu, hajui. Wewe uliyekulia Dubai unajua: kiangazi matangi yanashinda juani huko juu ya paa, na bomba la maji baridi linatoa maji ya kuchemshia mayai.

Bibi yangu naye hakujua. Alitoka Unguja kuja kutulea huku Deira mama alipopata kazi ya hoteli kule Garhoud, akaja na vipandikizi vyake vya maua ya kunukia kwenye kitambaa kibichi: asumini, mkilua, mlangilangi. Akavipanda uani na kuvimwagilia kama kwao. Loh! Kiangazi kile kile vikaungua vyote, ukabaki mlangilangi peke yake, umejikunyata kama kuku mgonjwa.

"Mie nchi isiyotoa ua siikai," akasema. "Huu usipochanua, narudi kwetu."

Wakubwa walicheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Bibi ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenikanda kifua nikikohoa, na ubwabwa wake wa asubuhi ndio ulionitoa kitandani. Akiondoka, ningebaki na nani?

Basi tukashika ndoo. Jioni tunazijaza, tunaziingiza sebuleni zipoe chini ya eisii, na alfajiri, bibi akishasali, utasikia, "Yalla, ndoo!" Hilo ndilo neno la Kiarabu alilolipenda kuliko yote. Baba alijikwaa kwenye ndoo hizo kila akirudi usiku, akanung'unika, akazoea. Bibi akaomba vipandikizi vingine kwa watu wa kwetu, na safari hii vikashika. Asumini ikapanda ukuta, mkilua ukanukia kivulini. Mlangilangi ukarefuka tu. Kila ukitoa vitumba, upepo wa joto unaviangusha, na bibi huviokota kimoja kimoja. Siku hizo namfuata kila aendako.

Jirani yetu, Mmombasa aliyeuza viatu kwa jumla, hakuacha kumchokoza. "Khalas, bibi, huo ni kuni. Nitakununulia maua kwa Wahindi."

"Nenda zako huko! Sikuja hapa kununua ua mie."

Miaka ikaenda. Asubuhi moja baridi inakwisha, bibi akaniita uani kwa sauti ya chini. Nikajua ananiaga. Kumbe ananionyesha juu, katikati ya majani: maua ya manjano yananing'inia, harufu imejaa ua mzima.

"Hayawi hayawi, yamekuwa!" akasema.

Nikamkumbatia kiunoni nikalia kwa kwikwi. "Walia nini, mwana weye? Si ua hilo!"

"Hutaondoka?"

"Niondoke, nani atautia maji?"

Moyo wangu ukatua. Nililala mchana kutwa siku ile, usingizi wa mtu aliyepona homa.

Nyumba ile imevunjwa, mti ukaenda nayo. Bibi ametangulia mbele ya haki, tukamzika huku huku. Wapo ndugu wanaonipa pole, ati masikini kafia ugenini. Najua tu kwamba alikaa, na asubuhi ya harusi yangu alinibandika kikuba cha maua yake kifuani, kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nisimame wima.