Dobi aliyekataa kufua mashuka yaliyoangukiwa na kimondo

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta, na dobi ameshaloweka beseni la pili. Anakamua shuka, analikung'uta hadi linapiga kelele, kisha analitandaza kambani. Vibanio anavishika kwa meno, hivyo akizungumza unamwelewa nusu tu.

"Nguo nyeupe haitaki mchezo," anasema akishavitoa. "Ukiacha doa, mteja haoni shuka tena, anaona doa."

Ni mjane wa makamo, na kazi ya kufua ndiyo inayomlisha yeye na binti yake tangu mumewe afariki. Hadi mwaka jana alikuwa na mteja mkubwa, nyumba ya wageni ya barabara ya pili, iliyompa karibu nusu ya kazi zake zote. Mteja huyo alimpoteza kwa sababu ya jiwe.

Ilikuwa asubuhi kama hii. Alikuwa ndani akichochea mkaa wa pasi aliposikia mlipuko juu, kisha kishindo uani. Alipotoka, shuka moja lilikuwa limetoboka na mengine yametapakaa vumbi jeusi.

Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Nyuma ya ukuta kuna gereji ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wawili hao walikuwa hawasalimiani tangu msiba, kwa ugomvi wa kiwanja.

"Nilimwendea nimefura," anakumbuka. "Nikamwambia, shemeji, umekosa pa kumwaga masizi yako?"

Fundi huyo wa magari anacheka akikumbuka. "Mimi hata chai nilikuwa sijanywa. Lakini kwa kuwa tangu msiba hakuwahi kunisemesha, nikajua si bure. Nikamfuata."

Uani walikuta saruji imechimbika na vipande vyeusi kama mkaa vimetawanyika. Dobi akashika ufagio. Fundi akaokota kipande, kikamwachia weusi vidoleni. Akakinusa.

"Kilinuka kama lami, lakini lami haikuwa," anasema. "Nikamwambia, shemeji, usifagie kwanza."

Binti ndiye aliyesikia redioni kwamba watu wameona moto ukipita angani, na kwamba chuo kikuu kinaomba mwenye kuokota chochote apige simu. Dobi alipopiga, mtafiti aliyepokea hakuuliza ukubwa wa jiwe. Aliuliza kama limeloa.

Pande kubwa kuliko yote lilikuwa limetumbukia kwenye beseni la sabuni na lilikuwa likimumunyuka kama tope.

"Nilipomwambia hivyo, aliniuliza mara mbili kama nina hakika," anasema dobi. "Kisha akasema, basi mama, usioshe kitu kingine. Hayo mashuka yaache na vumbi lake. Kesho nitafika."

Mawingu yalikuwa yakijikusanya. Fundi alileta turubai safi, wakafunika vipande vilivyokuwa sakafuni. Mashuka waliyaanua polepole, wakayakunja vumbi likiwa ndani, wakayaweka juu ya kitanda cha binti.

Mchana mwenye nyumba ya wageni akaja. Alikuwa na wageni wanaoingia jioni.

"Nipe mashuka yangu, madoa nitajua mwenyewe."

"Siwezi, bosi. Kuna watu wanakuja kuyaangalia."

"Wanakuja kuangalia uchafu?"

"Wamesema nisiyaguse."

"Haya, kaa nayo. Na kazi yangu usiitegemee tena."

Mvua ilianza kabla hajafika mbali. Dobi anasema alikaa akilitazama lile furushi, akawa karibu kulichukua na kulizamisha majini yaishe.

"Nilijiuliza, wakija wakisema ni mkaa tu, nitauweka wapi uso wangu?"

Aliyemzuia ni shemeji. Alifunga gereji mapema, akavuta kigoda, akakaa naye.

Mtafiti alifika kesho yake na glavu na karatasi za foili. Vipande vyote vikavu pamoja havikufika nusu kilo. Uchunguzi wa maabara ulichukua miezi. Kipande kimoja kilikatwa kikawa chembamba hadi kikapitisha mwanga, na chini ya hadubini kikaonyesha vijipunje vya mviringo ndani ya udongo mweusi wenye kaboni. Ni kondraiti ya kaboni, aina adimu ya kimondo. Umri wake ni takriban miaka bilioni nne na nusu, na ndani yake kuna maji yaliyofungwa kwenye madini tangu kabla dunia haijawa dunia.

"Aina hii ikinyeshewa huanza kubadilika mara moja," anaeleza mtafiti. "Vumbi la kwenye yale mashuka ndilo safi kuliko yote tuliyopata."

Kamati ya kimataifa imelipitisha jina la kimondo hicho, nalo ni jina la mtaa wao.

"Nilimwambia shemeji, kitu kizee namna hiyo, kimekosa pa kuangukia ila kwenye nguo nyeupe," anasema dobi.

Chuo kilimlipa mwenye nyumba ya wageni mashuka mapya. Hata hivyo hakurudi. Dobi ameanza kufulia zahanati, kazi ambayo bado haijaziba pengo. Suala la kiwanja nalo halijaisha, ila sasa linazungumzwa.

Kimondo kimewekwa katika jumba la makumbusho, safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Dobi hajakwenda. Anapanga kufunga kazi siku moja mwezi ujao, aende na binti yake, shemeji akiendesha.

"Siku ile hata sikuliangalia hilo jiwe," anasema. "Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na hofu. Safari hii nataka nisimame mbele yake, hakuna anayenisubiri, nilitazame."